Hanyak ya Kupunguza Mwili kwa Simu: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Mimi si daktari. Ni Mtanzania ninayeishi Korea Kusini, na kwa kuwa Kikorea kimenikaa mdomoni kuliko wenzangu wengi, ndiye ninayepigiwa mtu akitaka kwenda kliniki. Siku hizi simu nyingi ni za jambo moja: dawa ya mitishamba ya kupunguza mwili, ile unayoongea na tabibu kwa simu leo, na keshokutwa boksi liko mlangoni. Wanauliza wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani, dada walioolewa huku, hata ndugu walioko Dar na Mombasa walioona picha Instagram. Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hiyo nimeyaweka hapa.

Hanyak ni nini, na anayeitoa ni daktari au mganga?

Kwa sheria ya Korea ni daktari. Huku kuna udaktari wa aina mbili unaokwenda sambamba: ule wa hospitali tuliouzoea, na ule wa jadi ambao daktari wake anaitwa hanuisa. Hanuisa anasoma miaka sita chuo kikuu, anafanya mtihani wa taifa, ndipo anapewa leseni. Kliniki yake ni hanuiwon, dawa yake ni hanyak. Kitabu wanachokitaja kila mahali ni Donguibogam, kilichoandikwa na Heo Jun, tabibu wa mfalme, kikachapishwa mwaka 1613. UNESCO ilikiingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009.

Kwa hiyo usimwite mganga wa kienyeji mbele yake. Anakasirika, na ana haki.

Ndani ya zile pakiti kuna nini?

Hili watu hawaliulizi, nami naliweka mapema kwa makusudi. Dawa huja kwa sura mbili. Ama ni maji ya kahawia yaliyochemshiwa kliniki na kufungwa katika vipakiti vya plastiki, ama ni tembe ndogo nyeusi kama kinyesi cha mbuzi (samahani, lakini ndivyo zilivyo). Humo huchanganywa mimea mingi kwa pamoja. Kuna mbegu za yulmu, nafaka ngumu inayofanana na ushanga. Kuna daehwang, mzizi wa kuendesha tumbo. Na katika dawa nyingi za kupunguza mwili kuna mahwang.

Mahwang ni vijiti vikavu vyembamba vyenye vifundo, mithili ya mwanzi uliodumaa. Kitaalamu mmea wake unaitwa efedra, na umebeba efedrini na pseudoefedrini. Hiyo ya pili pengine umeshaimeza bila kujua, maana imo katika dawa kadhaa za mafua ya kuziba pua. Efedrini ndiyo inayofanya kazi uliyoilipia: njaa inakatika, mwili unapata joto, moyo unaongeza mwendo. Wauzaji hupenda kusema dawa "inasafisha sumu mwilini". Hakuna cha kusafisha. Ni kichangamshi, na ukikijua kwa jina lake utajua pia namna ya kujilinda nacho.

Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye efedra mwaka 2004, baada ya taarifa za mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo. Korea imeshika njia nyingine: mahwang haiuzwi kama chakula wala kirutubisho, lakini hanuisa anaweza kumwandikia mtu kama dawa, kwa kipimo chake. Mimi naiona njia hiyo ina mantiki, ikiwa hanuisa amekujua kweli. Na hapo ndipo simu inapoleta maneno.

Mashauriano yenyewe yanakwendaje?

Unajaza fomu: umri, urefu, uzito, magonjwa, dawa unazotumia, choo, usingizi, hedhi, unatoka jasho kiasi gani, unapenda maji ya baridi au ya moto. Maswali ya jasho na maji huwachekesha wenzangu, ila katika tiba yao ni ya msingi kabisa. Kisha unapigiwa. Wapo wanaoongea nawe robo saa nzima, na wapo wanaomaliza kwa dakika tatu huku unasikia mwingine anaita foleni.

Angalia jambo moja. Mara nyingine anayeongea nawe si hanuisa, ni mhudumu wa ushauri ambaye kazi yake ni kukuchagulia kifurushi cha mwezi mmoja au mitatu. Muulize waziwazi: "Hanuisa seonsaengnim-iseyo?" Yaani, wewe ndiye daktari? Akianza kuzunguka, omba upewe mwenye leseni kabla hujatoa namba ya kadi.

Atanishikaje mshipa akiwa mbali?

Hatakushika. Udaktari wao una njia nne za kumjua mgonjwa: kutazama, kusikiliza (pamoja na kunusa), kuuliza, na kugusa. Kwa simu ya kawaida kunabaki kuuliza na sauti yako. Kwa video unaweza kumtolea ulimi kamerani, lakini taa ya jikoni inaubadilisha rangi. Kushika mshipa wa mkono, jambo ambalo vitabu vyao vimelijazia kurasa na kurasa, hakupo.

Kwa hiyo pengo hilo lizibe wewe kwa namba. Mashine za kupimia presha zipo vituo vya afya vya mtaa, bogeonso, na katika kumbi za hospitali nyingi. Kaa dakika tano bila kuongea, pima, andika, pamoja na mapigo ya moyo kwa dakika. Fanya hivyo siku tatu. Uwe na namba hizo mkononi simu ikilia. Mimi nina sharti langu: kliniki isiyouliza presha ya mtu kabla ya kumtumia mahwang, siitafsirii.

Lakini ni halali?

Inategemea mwaka unaouzungumzia, na sitanii. Msingi wa sheria ya tiba ya Korea ni daktari na mgonjwa kuonana ndani ya kliniki. Novemba 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha hatia ya hanuisa aliyewahoji watu kwa simu kisha akawatumia dawa kwa kifurushi. Wakati huohuo, kwa sababu ya korona, serikali ilikuwa imeruhusu kwa muda ushauri wa simu tangu Februari 2020. Juni 2023 ruhusa hiyo ikageuzwa mradi wa majaribio, na masharti yake yamebanwa na kulegezwa mara kadhaa tangu hapo, hasa juu ya mgonjwa ambaye hajawahi kufika.

Ushauri wangu ni rahisi: mara ya kwanza nenda kwa miguu yako. Seoul ina hanuiwon karibu kila mtaa. Ukishashikwa mshipa, ukaonekana, ukaandikiwa faili, simu za kufuatilia zina maana, kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayekukumbuka.

Nimeambiwa mimi ni "taeeumin". Ni ugonjwa?

Hapana. Lee Je-ma, aliyezaliwa 1837 na kufariki 1900, aliwagawa watu katika maumbile manne, na kitabu chake alikikamilisha 1894. Taeeumin ndiye mwenye kiwiliwili kikubwa, mwili unaopenda kuweka akiba, na ndiye anayetajwa zaidi wanapozungumzia unene. Dawa yake maarufu, taeeumjowitang, ina yulmu, njugu za chestnut, na mahwang. Umeona inavyorudi?

Mgawanyo wenyewe una historia na wataalamu wake, siwezi kuudharau. Ila chemshabongo ya maswali kumi kwenye simu si Lee Je-ma.

Nani asiiguse?

Mwenye presha ya juu, hata kama "imetulia". Mwenye tatizo la moyo, au aliyewahi kupata kiharusi. Mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kwa kuwa moyo wake tayari unakimbia. Mwenye shinikizo la jicho. Mzee mwenye tezi dume, maana mahwang inaweza kumzuia kukojoa kabisa. Mwenye wasiwasi mkali au aliyewahi kuugua akili. Mjamzito, anayetafuta ujauzito, anayenyonyesha.

Kisha kuna wenye dawa zao tayari. Baadhi ya dawa za sonona hazikai chungu kimoja na efedrini, presha inaweza kupanda ghafla. Mwenye kisukari anayemeza vidonge vya kushusha sukari, akikatwa njaa na huku anaendelea na kipimo kilekile, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Mizizi ya gamcho, ile likorisi (liquorice) tamu inayotiwa ili dawa inyweke, ikitumiwa sana hupunguza potasiamu na kupandisha presha. Anayetumia ARV azungumze kwanza na kliniki yake ya ARV.

Na hapa niseme kitu kinachonihusu mimi mwenyewe. Kuna mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya mkalimani, hasa akiwa ni mwenzake wa kanisani au msikitini. Nimewahi kumtafsiria dada mmoja kwa simu, akajibu "hakuna" kwa kila dawa aliyoulizwa. Wiki mbili baadaye akaniandikia usiku kwamba anatumia vidonge vya presha tangu Tanzania, na hakutaka nijue. Sikumlaumu. Tangu siku hiyo nawaambia watu: fomu jaza mwenyewe, jina la dawa linakili kutoka kwenye paketi kwa herufi zilezile, na mimi niache nitafsiri yaliyobaki. Jina la dawa kwenye paketi hanuisa anaweza kulisoma bila msaada wangu.

Je, kahawa? Na miraa?

Kahawa na mahwang ni mapacha wabaya. Huku watu wanakunywa Americano ya barafu kutwa, hata Januari. Ukianza dawa, punguza au acha, na vinywaji vya kuongeza nguvu sahau kabisa. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini vilevile, maana unaongeza kitu kilekile juu ya kingine. Famasi pia huuza bila cheti dawa iitwayo bangpungtongseongsan kwa ajili ya kitambi, nayo ina mahwang ndani. Kuna watu wanaimeza pamoja na ya hanuiwon wakidhani ni mbili tofauti.

Miraa, au mirungi, ina kathinoni, ambayo ni ndugu wa karibu wa efedrini. Kwa walioko nyumbani Kenya, Ethiopia au Yemen: ukichanganya hivyo viwili unauchapa moyo mmoja kwa fimbo mbili. Walioko Korea wala wasifikirie kuiingiza, huku inahesabiwa dawa za kulevya.

Nimeanza, moyo unadunda na usiku silali. Nivumilie?

Usivumilie. Mdomo kukauka na kukosa hamu ya chakula siku za kwanza ni jambo linalotarajiwa. Moyo kudunda ukiwa umekaa, mikono kutetemeka, kuamka saa nane za usiku macho makavu, hizo ni dalili kwamba kipimo ni kikubwa kwako au dawa haikufai. Acha, piga kliniki, sema: "Gaseumi dugeungeoryeoyo", kifua kinadunda. Kliniki nzuri itapunguza mahwang au kuiondoa. Ikikujibu kwamba "mwili unazoea, endelea", ujue umeshapata sababu ya kubadilisha kliniki.

Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, upande mmoja wa mwili kulegea, au kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa: hiyo ni 119, namba ya dharura ya Korea, si simu ya kliniki. Na macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, nenda hospitali ukapime ini, ukiwa na pakiti mkononi.

Nitapungua kilo ngapi?

Pungufu ya ulivyoahidiwa. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya efedra na efedrini uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikuta kwamba watumiaji walipungua kama kilo 0.9 kwa mwezi zaidi ya waliopewa tembe tupu zisizo na dawa ndani, tena katika muda mfupi wa miezi michache. Na waliotumia walikuwa na uwezekano mara mbili hadi tatu na zaidi wa kupata matatizo ya moyo kudunda, tumbo, na hali ya akili. Zile kilo tano za wiki ya kwanza kwenye matangazo, nyingi ni maji, na daehwang imesaidia kuyatoa.

Wakorea wenyewe wana jina la kinachofuata: yoyo. Dawa inaisha, njaa inarudi na hasira zake, uzito unapanda. Hanuisa mwenye adabu atakuuliza unakula nini saa ngapi, na atakupangia kupunguza dawa taratibu.

Jambo dogo la pembeni. Korea huanza kumhesabu mtu mnene uwiano wa uzito na urefu (BMI) ukifika 25, wakati Shirika la Afya Duniani husema 30. Wengi wetu tulitoka nyumbani tukisifiwa "umenawiri", tukashuka Incheon tukaambiwa wagonjwa. Kabla ya dawa, jiulize ni nani anakusumbua: daktari, au nguo za saizi moja za Dongdaemun, soko la nguo la Seoul.

Bei?

Bima ya taifa hailipii dawa hii, kwa hiyo kila kliniki inajipangia. Mara nyingi ni kuanzia kama won laki moja hadi laki kadhaa kwa mwezi. Usilipie miezi mitatu kwa mara moja, hata kwa punguzo, kwa sababu hujui mwili wako utasemaje wiki ya kwanza.

Kwa nini nisichukue tu sindano ya kupunguza uzito, Wegovy?

Hiyo iliingia Korea Oktoba 2024, na ni daktari wa hospitali anayeiandika, si hanuisa. Nayo watu waliikimbilia kwa simu, mpaka Desemba mwaka huohuo wizara ya afya ikazuia kuiandika bila kuonana ana kwa ana. Ina ushahidi mwingi zaidi wa kupunguza uzito kuliko hanyak, na ina bei yake na madhara yake ya tumbo. Usitumie vyote viwili bila kila upande kujua habari za mwenzake.

Naweza kumtumia dada yangu Dar boksi moja?

Naomba usifanye hivyo. Kwanza, dawa iliandikwa kwa jina lako na moyo wako. Pili, efedrini na pseudoefedrini zimo katika kemikali zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kwa kuwa hutumika kutengenezea methamfetamini. Kifurushi kisicho na kibali kikifunguliwa forodhani, anayeandikwa ni dada yako. Tanzania kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya kuna Bodi ya Dawa na Sumu, na nchi za Ghuba hazina mzaha na vitu hivi. Tatu, akizidiwa saa tatu usiku, Seoul ni saa tisa alfajiri. Nani atapokea simu?

Na kwa wanariadha: efedrini imekatazwa wakati wa mashindano ikizidi mikrogramu 10 kwa mililita ya mkojo. Mkimbiaji aliyekuja kwa marathoni ya Seoul anaweza kuharibu kazi ya miaka kwa pakiti za mitishamba.

Zile "tembe za Kikorea" wanazouza mtandaoni huko nyumbani ni hizi hizi?

Mtu hawezi kujua, na hilo ndilo tatizo. Hanyak halisi ina jina la mgonjwa, jina la kliniki na tarehe. Kopo lenye picha ya msichana mwembamba na maandishi ya Kikorea yaliyopinda linaweza kuwa na chochote. Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni nchi nyingi mwaka 2010 kwa sababu ya moyo, imekutwa mara nyingi katika bidhaa zinazojiita za mimea mitupu.

Na hata mmea mtupu unaweza kuua. Miaka ya 1990 mwanzoni, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza mwili Brussels walipewa mchanganyiko wenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia bila mtu kugundua. Zaidi ya mia moja waliharibika figo, wengi wakahitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kila mara mtu akiniambia "si majani tu", nawakumbuka hao.

Ramadhani je?

Dawa nyingi hunywewa mara mbili au tatu kwa siku. Ukizisukuma zote baada ya futari hutalala, na daku utaila ukiwa hujafumba jicho. Mwambie hanuisa mapema, au simamisha mwezi huo. Kwa anayejali halali, uliza pia kama kuna kitu cha mnyama na kama ganda la kapsuli ni la jelatini.

Sijui Kikorea. Niseme nini?

Ukumbuke sentensi chache. "Mahwang deureogayo?" ni kuuliza kama mahwang imo. "Myeot geuraem-ieyo?" ni gramu ngapi. "Hyeorabi nopayo", nina presha ya juu. "Imsin", ujauzito. Omba orodha ya viungo kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ili ukifikishwa hospitali kuwe na cha kuonyesha. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili, na wanafunzi wake wengine ni wakarimu ajabu wakiombwa kutafsiri. Ila kumbuka niliyosema kuhusu mkalimani na siri.

Imebaki nusu boksi. Nimpe mwenzangu wa bweni?

Hapana. Usimpe hata akikuomba kwa kujikunja, hata akiwa na uzito sawa na wako. Zikate pakiti, umwage, na kama ni tembe zipeleke bogeonso wanakokusanya dawa zilizobaki. Rafiki yako mpe namba ya kliniki, na umpeleke kwanza kwenye mashine ya presha.